Mzee Sosthenes Hajakaa Tangu Jumanne

Jumanne saa mbili asubuhi Eveline alikuwa amepiga magoti kwenye sebule ya marehemu Mzee Sosthenes, Kihesa, Iringa, akibandika stika za kijani. Kila stika ilikuwa na picha ya jani na maneno matatu: "Kampuni ya Upya." Alianza na vitu vikubwa: kabati la mninga, kochi lililotengenezwa kwa ajili ya watu watatu na sasa likiwatosha wawili wasiotikisika, kitanda, meza. Akafuata vidogo: pasi ya mkaa, chupa ya chai, buti za mvua za kiwandani, koti la baridi lenye kiraka cha ngozi kiwikoni, nyengo mbili za kufyekea, panga, redio. Vyote vilikuwa arobaini na saba. Aliviandika kwenye fomu yenye safu nne: Kitu, Idadi, Hali, Mpokeaji. Safu ya nne aliijaza kama alivyoelekezwa siku ya kwanza ya kazi, miaka miwili nyuma. Aliandika "Jamii" mara arobaini na saba, kwa mwandiko mzuri.

Kampuni ya Upya ilihamisha vitu vya nyumba za watu waliokufa, waliofilisika na waliopewa uhamisho. Mkurugenzi wake, Adrian, alivaa kizibao chenye mifuko tisa, yote mitupu, na aliahidi kwamba hakuna kitakachotupwa. Nguo zingeenda kwa yatima. Mbao zingeenda kwa mafundi. Makaratasi yangepelekwa kiwandani Mgololo yakasagwe yawe karatasi tena. Yalikuwa maneno mazuri, na maneno hayanywi dizeli, ndiyo maana Adrian aliyatumia zaidi ya lori lake.

Aliyeiita kampuni ni Liberatus, mtoto wa kwanza wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam. Alikuja msibani siku mbili, moja akaimaliza akiongea na simu. Alitaka nyumba iwe tupu kufikia Ijumaa ili Jumamosi waingie wapangaji, wanafunzi wa chuo. Mama yake angehamia Kilolo kwa mdogo wake, kwenye chumba cha uani.

Mama Liberatus alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya dirisha, mguu mmoja ameunyoosha. Aliitazama fomu muda mrefu.

"Mwanangu, huyu Jamii ni nani?"

"Ni watu wote, mama. Yeyote mwenye uhitaji."

"Ana mikono?"

"Wapo wengi, mama."

"Sikuuliza wingi. Nimeuliza mikono."

Eveline alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii, na katika mihula yote minne swali hilo halikuwahi kutoka. Akaweka kalamu chini. Mama Liberatus akamweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Katika ukoo wao, siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu hukabidhiwa mkono kwa mkono. Kitu hunyanyuliwa, jina la mtu hutajwa, na mtu huyo hupokea kwa mikono miwili na kusema, "Nimepokea." Hata kijiko. Kitu kikikosa wa kukipokea, marehemu hapati pa kukaa huko aliko. Atasimama mpaka kipate mtu.

"Si laana," alisema. "Ni utaratibu tu. Kama foleni ya hospitali."

"Liberatus hakutuambia ofisini," alisema Eveline.

"Liberatus alisema tunamchelewesha ndege."

Eveline aliwatazama vibarua wakilitoa kabati mlangoni kwa kulilaza ubavu. Hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Kwao Uyole, Mbeya, mtu aliyeapa uongo alikuwa hasalimiwi sokoni. Lakini mama huyu alikuwa anatazama kabati kama mtu anayemsindikiza mgonjwa, na Eveline akasikia kinywa chake kikisema, "Mama, nakuapia. Kila kitu kitafika mkononi kwa mtu, na majina yao nitakuletea mwenyewe."

"Basi vichukueni," alisema Mama Liberatus.

Lori liliondoka saa nane. Saa kumi na moja Mzee Sosthenes alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, amevaa suti ile ile aliyozikwa nayo.

Jumatano asubuhi simu ya Eveline iliita akiwa anachemsha chai.

"Mwanangu, majina yako wapi?"

"Nayafuatilia, mama."

"Fanya upesi. Mzee amesimama hapa tangu jana, na magoti yake unayajua."

Eveline hakuyajua magoti ya Mzee Sosthenes, lakini alipofika aliyaona. Marehemu alikuwa akiegemeza uzito kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kulia. Miaka thelathini na moja alikuwa amesimama mbele ya mashine ya karatasi kule Mgololo, na daktari alimkataza kusimama hata kanisani.

"Shikamoo, mzee," alisema Eveline.

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Mzee akamtazama kidogo, kisha akatazama pembeni, kwa adabu.

Devota, jirani wa upande wa juu, alichungulia juu ya ua wa michongoma. "Mama Liberatus, ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

"Muulize lile panga langu aliloazima mwezi wa nne."

"Limeenda na lori," alisema marehemu.

"Ona sasa," alisema Devota, akarudi kupepeta maharage yake.

Eveline akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha kampuni, akamkuta Dastan, dereva, amelala kifudifudi chini ya lori.

"Dastan, vitu vya Mzee Sosthenes ulivishusha wapi?"

"Korongoni."

"Korongo gani?"

"Dada, kwani yako mangapi? Lile la nyuma ya mikaratusi, njia ya Kilolo. Tunashusha huko siku zote." Akatoa kichwa nje. Uso wake ulikuwa na grisi na haukuwa na aibu yoyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kulikuwa na jambo la kuonea aibu. "Vyuma anachukua bosi. Runinga anachukua bosi. Vinavyobaki, korongoni. Wewe ulidhani wapi?"

Eveline alipanda bodaboda mpaka huko. Korongo lilikuwa la kijani. Kwa mbali ungedhani ni majani. Karibu, zilikuwa stika, maelfu kwa maelfu, kila moja imebandikwa na mkono wake, juu ya magodoro, makabati, vitabu vya shule, vitanda vya watoto na mabeseni yaliyojaa mvua ya mwaka juzi. Alikaa ukingoni mwa korongo akajaribu kukumbuka ameandika "Jamii" mara ngapi. Alishindwa. Jamii mwenyewe hakuonekana popote.

Vitu vya Mzee Sosthenes havikuwemo. Vilikuwa vimeshaondoka.

Vilifika Kihesa Alhamisi asubuhi, kwa miguu. Kabati lilitangulia, likichechemea, kwa sababu mguu wake mmoja ulivunjika liliposukumwa kutoka kwenye lori. Kochi lilifuata, limebeba vidogo. Buti za mvua zilitembea pamoja, ya kushoto mbele. Madereva wa bodaboda walivipisha barabarani, na mmoja alilipigia honi kabati kwa sababu halikuonyesha linakatia upande gani. Mtendaji wa mtaa alivizuia kwa nusu saa akitaka barua ya utambulisho kutoka mtaa vilikotoka. Alipoambiwa vimetoka korongoni, akasema korongo halina mwenyekiti, akaviruhusu kwa sharti kwamba barua iletwe baadaye.

Vikajipanga uani, mbele ya tangi, vikatulia.

"Vimekosa mtu," alisema Mama Liberatus. Hakumlaumu Eveline. Afadhali angemlaumu.

Adrian alipopewa taarifa alikuwa ofisini anapima ukuta kwa ajili ya kutundika kitu ambacho bado hakuwa nacho. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ndani ya mfuko wa saba.

"Vimerudi vyenyewe?"

"Vyenyewe. Kwa sababu vilitupwa, bosi."

"Bila mafuta?"

"Bosi, mzee wa watu amesimama siku ya tatu. Tunahitaji watu wa kuvipokea. Majina. Nipe siku moja."

"Bila mafuta," alisema Adrian tena, safari hii akijiambia mwenyewe. "Eveline, unaelewa hiki ni kitu gani? Vitu vinavyojirudisha. Hakuna moshi. Wiki ijayo nina mkutano wa wadau Mbeya, wale wafadhili watalia machozi."

"Na korongo?"

"Korongo ni changamoto," alisema Adrian. Hilo ndilo neno alilolitumia kwa kila kitu alichokifanya mwenyewe.

Ijumaa Eveline hakwenda kazini. Alikwenda Kihesa, akaanza na nyumba ya Devota, akapiga hodi mlango kwa mlango mpaka kwa Anord, fundi seremala wa kona ya mwisho. Saa nne uani palikuwa na watu thelathini. Mama Liberatus alivaa kitenge kipya. Kwa kuwa mkubwa wa ukoo alikuwa Kilolo na mvua ilikuwa imekata njia kwa siku hiyo, mbele kabisa ya korongo, alinyanyua vitu yeye mwenyewe.

"Panga. Devota."

Devota akapokea kwa mikono miwili. "Nimepokea. Ingawa lilikuwa langu."

"Koti. Baba Pendo."

"Nimepokea."

"Redio. Asukile."

"Inashika stesheni gani?"

"Asukile, pokea."

"Nimepokea."

Hakuna aliyefundishwa kazi hiyo chuoni, na hakuna kilichokosa kazi. Anord akachukua kochi apate mbao za kiti cha mgonjwa wake wa nyumbani. Mwanamke wa genge akachukua mabeseni. Chupa ya chai isiyotunza joto ikapata mtu wa kuweka mbegu za mboga. Makaratasi ya Mzee, maboksi mawili, alipewa Marta muuza karanga, na Marta akaanza kukunja vifuko papo hapo.

Kila mtu aliposema "Nimepokea," magoti ya Mzee Sosthenes yalikunjika kidogo. Baada ya vitu kumi aliegemea tangi. Baada ya ishirini alikuwa amechuchumaa nusu. Kitu cha arobaini na sita kilipopata mwenyewe, makalio ya marehemu yalikuwa upana wa kiganja kutoka kwenye jiwe la kufulia, na alikuwa amefumba macho kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto taratibu. Lilibaki kabati peke yake. Anord alisema atalichukua, atalitibu ule mguu, akaenda kuleta mkokoteni.

Kabla mkokoteni haujafika, lori la kampuni lilisimama getini. Nyuma yake kulikuwa na gari jeupe. Akashuka Adrian, akashuka Liberatus aliyekuwa amerudi na ndege kukabidhi nyumba, wakashuka wageni wawili wenye kamera.

"Samahani sana ndugu zangu," alisema Adrian kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti. "Kimkataba hivi vitu viko chini ya uangalizi wa kampuni. Tunaomba ushirikiano. Tutarekodi kidogo tu."

"Vimeshapokelewa," alisema Eveline.

"Na nani?"

"Na hawa. Unawaona."

Adrian akawatazama watu thelathini, akatafuta neno lao, akalikosa. "Hawapo kwenye fomu," alisema.

Mama Liberatus akamgeukia mwanawe. "Liberatus, kimebaki kimoja. Baba yako anakaribia kukaa. Hebu mtazame."

Liberatus akamtazama baba yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama, hawa ni wataalamu," alisema Liberatus. "Wana cheti. Usinitie aibu mbele ya wageni."

Hapo ndipo watu wa Kihesa walipofanya walichofanya, na hawakukifanya kwa ubaya. Ni watu wa heshima. Mgeni akifika wanampisha kiti. Mgeni mwenye kamera wanampisha nyumba nzima. Baba Pendo alikuwa wa kwanza. Alivua koti, akalikung'uta vumbi, akalirudisha kwa mikono miwili, kama alivyolipokea. Asukile akazima redio kwanza ili isimalize betri, akairudisha. Marta akanyoosha vifuko vyake kwenye goti, karatasi moja moja. Wengine waliomba radhi kwa kuchelewesha shughuli. Vibarua wakapokea, Adrian akatabasamu upande wa kamera, na kila kitu kilipoingia kwenye lori Mzee Sosthenes aliinuka kidogo. Alifumbua macho. Aliacha jiwe, aliacha tangi. Devota peke yake alikataa kutoa panga, akaingia nalo ndani akafunga mlango, mpaka mumewe akamsihi kupitia dirishani kwamba wanaonekana hawana adabu. Panga likatolewa dirishani, mpini mbele.

Vitu vyote vilipokuwa ndani ya lori, Mzee Sosthenes alikuwa amesimama wima kabisa, kama siku ya kwanza.

Anord akafika na mkokoteni. Akaambiwa ausogeze, umeingia kwenye picha.

Adrian akazunguka uani kukagua, maana mkataba ulisema nyumba iachwe tupu. Akafika kwenye tangi. Akamtazama marehemu juu mpaka chini, akageukia fomu, kisha akatoa stika ya kijani na kuibandika kwenye mfuko wa koti la suti, akaibonyeza kwa kidole gumba ili ishike.

"Eveline. Andika namba arobaini na nane. Mzee, mmoja, hali ya wastani."

Eveline akachukua fomu. Akaandika namba. Akaandika Mzee, akaandika mmoja. Kwenye hali akaandika "amechoka." Kwenye safu ya nne aliandika jina lake mwenyewe, Eveline Mwakalinga, kwa herufi kubwa, kisha akamsogelea marehemu na kunyoosha mikono yote miwili.

"Nimepo—"

Adrian alikuwa ameshachukua fomu. Hakukasirika, hata sauti hakupandisha. Alitoa chupa ndogo ya wino mweupe wa kufutia, kitu pekee kilichowahi kuwemo kwenye mojawapo ya mifuko ile tisa, akapaka juu ya jina, akapuliza mpaka likakauka. Juu yake akaandika "Jamii."

"Mfanyakazi haruhusiwi kuchukua vitu vya mteja," alisema. "Hayo ni maadili. Na kuanzia leo wewe si mfanyakazi."

"Basi kama si mfanyakazi, nampokea."

"Kwenye fomu hupo tena."

Vibarua wakamshika Mzee Sosthenes mikono, kwa heshima, mmoja kila upande. Alipofika kwenye ngazi ya lori alimgeukia Eveline.

"Kuna mahali pa kushikilia huko juu?"

"Kuna kamba, mzee. Shika upande wa kulia, wa kushoto umelika."

"Asante, mwanangu."

Akasimama nyuma ya lori, katikati ya kabati na kochi, mkono mmoja kwenye kamba. Lori likapinda kuelekea njia ya Kilolo. Mama Liberatus alilitazama mpaka likaisha machoni, akauliza saa, akaingia ndani kufunga kanga zake. Aliondoka Jumamosi alfajiri. Hakubeba kitu cha mumewe hata kimoja.

Wiki iliyofuata, Mbeya, katika ukumbi wa hoteli wenye viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, Adrian alipewa ngao. Filamu ya vitu vinavyojirudisha ilionyeshwa mara mbili. Watu walisimama kupiga makofi, wakakaa, wakagawiwa chupa za maji za plastiki, wakainuka wakaziacha juu ya meza. Eveline aliiona picha ya ngao kwenye simu ya shangazi yake Tupokigwe, kule Uyole. Shangazi alimuuliza kama huyo ndiye bosi wake aliyekuwa akimsifia.

"Ndiye," alisema Eveline.

"Ana uso wa mtu anayekula kwa watu," alisema shangazi, akaendelea kumenya viazi.

Eveline alirudi Iringa Jumanne iliyofuata kufuata nguo zake, akapita Kihesa. Vitu vilikuwa vimeshafika, vimejipanga nje ya ukuta, kwa sababu wapangaji hawakutaka kubanwa uani. Mzee Sosthenes alikuwa kando ya tangi. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini na stika ilikuwa bado imeshika.

Wanafunzi walikuwa watu wa adabu. Wote walimwamkia kila walipopita kuchota maji. Uani palikuwa na nguzo moja tu ya kuanikia, na kamba ilihitaji ncha mbili, kwa hiyo walikuwa wamemwomba mzee wa watu ashike ncha ya pili, na yeye hakuona sababu ya kukataa. Juu ya kamba zilining'inia suruali tatu na shuka la pinki. Mmoja wa wageni wenye kamera alikuwa hapo akipiga picha, maana ripoti ya ngao ilihitaji mfano wa kitu kilichopata matumizi mapya, na mpaka siku hiyo Kampuni ya Upya haikuwa na hata mmoja.

Simu ya Eveline ikaita. Ilikuwa namba ya Kilolo.

"Mwanangu, upo hapo nyumbani?"

"Nipo, mama."

"Amekaa?"

Eveline akamtazama Mzee Sosthenes. Upepo ulikuwa unavuta shuka, na marehemu alikuwa amekaza mkono ili lisiguse chini, akihamisha uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

"Bado, mama," alisema. "Ameshika nguo za watu."